Taa ya Kijani ya Tangi la Sita

Iwasa Noboru alikiri kabla hajaulizwa chochote, na hilo ndilo lililomchefua Inspekta Tachihara.

"Ni kosa langu," fundi yule alisema, paji la uso likikaribia kugusa meza. "Niliweka namba vibaya. Mzee Kamoshita amekufa kwa sababu yangu. Naomba radhi sana."

"Nimekuuliza kama utakunywa chai."

"Naomba radhi."

Tachihara alimsukumia kikombe cha chai ya shayiri. Kwa miaka mingi ya upolisi alikuwa amesikiliza watu wanaodanganya ili watoke. Wanaodanganya ili waingie walikuwa wachache, na wote walisema hivi hivi, kwa ufasaha, kama watoto wanaoimba wimbo wa shule mbele ya mgeni.

Nje mvua ya Juni ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Kwenye meza ya pembeni Sajini Onuki Haruka alikuwa ameshaweka maelezo ndani ya bahasha.

"Ameshatia dole, mkuu," alisema. "Mwendesha mashtaka anayasubiri leo hii. Uzembe kazini uliosababisha kifo. Kesi imekaa vizuri."

Ilikaa vizuri kweli. Siku ya Jumanne Iwasa, fundi wa kampuni ndogo ya nje, alifunga kadi mpya ya mawasiliano kwenye sanduku la umeme la tangi la sita, katika kiwanda cha karatasi cha Hoshimatsu. Kila tangi la kusaga karatasi iwe rojo lina kadi yake, na kadi zote zimeungwa kwenye waya mmoja unaotoka chumba cha kuongozea mitambo. Kila kadi ina namba. Amri ikipita kwenye waya, kadi yenye namba inayoitwa ndiyo inayotii. Alhamisi mzee Kamoshita Jinpachi aliingia tangi la sita kukwangua rojo lililogandamana. Panga la tangi, lile linalokata karatasi, likazunguka. Msimamizi wa zamu, Hatakeyama, alieleza kwamba aliwasha tangi la tisa na la sita likaamka pamoja nalo. Polisi walipofungua sanduku la sita waliikuta swichi ya namba imeelekezwa kwenye tisa. Fundi alipoitwa, alikuja na tai nyeusi ya msiba shingoni na kukiri mlangoni.

"Simama," Tachihara alisema. "Nioneshe ulivyoifanya kazi ile. Usinisimulie. Ifanye."

"Hapa, afande?"

"Ukuta huo ndio sanduku lako."

Iwasa alisimama mbele ya ukuta. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mabega yameshuka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Lakini alipoinua mkono mgongo wake ulinyooka. Kidole kikatoka mbele kama mkuki.

"Umeme umekatwa, sawa!"

Askari wa mlangoni alishtuka. Iwasa hakumwona. Mikono yake ilichomoa kadi isiyokuwepo, ikachomeka nyingine, ikakaza skrubu. Kila hatua kidole kilinyooka na mdomo ukaita, kama mafundi wa viwandani wanavyofundishwa ili wasikosee.

"Kadi imekaa, sawa! Waya mweupe, sawa! Waya mwekundu, sawa! Kizuizi cha mwisho wa waya kimezimwa, sawa!"

"Kwa nini kizimwe?"

"Kinawashwa kwenye kadi ya mwisho tu, afande. La sita liko katikati." Akaendelea. "Kasi ya mawasiliano sawa na za wenzake, sawa!" Akatoa bisibisi ya hewa, ndogo kama njiti ya kiberiti, akazungusha kidogo. "Namba sita, sawa!"

Kidole cha Iwasa kilibaki hewani.

"Tisa," alisema kwa sauti nyingine. "Nilitaka kusema tisa."

"Umesema sita."

"Mazoea tu. Mkono ulikosea Jumanne. Bwana Hatakeyama mwenyewe kaona, na picha mnayo. Nimeambiwa mara nyingi, afande, na sasa nakumbuka kabisa. Ilikuwa tisa."

"Umeambiwa na nani mara nyingi?"

Iwasa aligeukia ukuta tena. Onuki aliinamia kalamu yake.

"Malizia," Tachihara alisema.

"Umeme unarudi, sawa! Taa ya kijani, sawa!" Mkono ukashuka. "Basi."

"Kitu kimoja. Umekata umeme ndipo ukaweka namba. Unaogopa kupigwa shoti?"

"Hapana. Umeme wa kadi ni mdogo, hauumizi mtu." Iwasa alijibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa saa na kuisoma ukutani. "Ni kwamba kadi inaisoma namba yake mara moja tu, pale umeme unapoingia. Baada ya hapo zungusha swichi upendavyo, haina habari. Itaitikia namba ile iliyoamka nayo mpaka uzime na uwashe upya."

Alikaa, akashika kikombe kwa mikono miwili. Hakuona alichokisema. Alikuwa ameshajihukumu, na aliyejihukumu hachunguzi tena.

Tachihara ndiye aliyechunguza. "Mpaka uzime na uwashe upya," alirudia polepole, na Onuki akainua uso.

"Mkuu?"

"Lile sanduku. Mzee alipoumia, walikata umeme gani?"

"Walivuta kamba ya dharura. Ile inakata umeme wa mota peke yake. Kadi ilikuwa hai. Kwenye picha zangu taa ya kijani inawaka."

"Na sasa hivi?"

"Leo wanaanza uzalishaji. Watazima kila kitu na kuwasha upya. Wana ruhusa yetu."

"Mjinga gani amewapa ruhusa?"

Onuki alikohoa. "Wewe, mkuu. Asubuhi."

Tachihara alikuwa ameshasimama. "Piga simu getini. Mtu asiguse sanduku la sita, hata kulifuta vumbi." Mlangoni aligeuka. "Iwasa. Nani kakufundisha kuomba radhi namna hiyo?"

"Mzee Wakui, bosi wangu. Alinipeleka kwa mama Kamoshita, mjane wa marehemu, kuinama. Tulibeba tikiti maji na ubani." Akatazama chai. "Mama alitumwagia chumvi, kama anayefukuza mkosi. Tikiti akalirusha barabarani."

*

Harufu ya karatasi iliyooza iliwapokea kabla ya geti. Foklifti iliyobeba marobota ya magazeti ilisimama katikati ya njia, haikusogea. Aliyekuwa juu yake ni mama mnene mwenye taulo kichwani, na jina Sugiura kwenye kofia iliyoning'inia kando.

"Nyie ndio mliomfungia Noboru?"

"Mama, sogeza gari."

"Nitasogeza. Kwanza nikwambie. Jumanne nilikuwa pale pale, napakua. Yule akiita, njiwa wanaruka juu ya paa. Tunamtania, tunamwita Kipaza. 'Namba sita, sawa!' Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza?" Alimnyooshea Onuki kidevu. "Yule dada aliniuliza kama foklifti imefanyiwa ukaguzi. Nikamwambia imefanyiwa. Akaniambia asante sana."

Onuki aliiva uso hadi masikioni.

"Mdomo unaweza kusema sita na mkono ukaweka tisa," Tachihara alisema. Ndivyo mwendesha mashtaka angesema, na hakimu angekubali.

"Wa kwako labda," mama Sugiura alisema, akarudisha foklifti nyuma.

Ndani ya ukumbi wa matangi mashine zilikuwa kimya. Utepe wa polisi ulikuwa umeondolewa, umekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kiti. Sanduku la sita lilikuwa wazi, na Hatakeyama, msimamizi wa zamu, alikuwa na mkono kwenye swichi kuu.

"Toa mkono wako hapo," Tachihara alisema.

"Inspekta! Simu ya geti nimeipata, lakini nina ratiba." Hatakeyama alikuwa mtu nadhifu, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. "Wateja hawawezi kusubiri mvua iishe. Ni kuzima na kuwasha tu."

"Toa mkono."

Mkono ulitoka. Tachihara alichungulia. Kadi ilikuwa nyembamba kama kitabu cha sala, imebanwa katikati ya nyaya. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Chini yake palikuwa na swichi ya duara yenye mshale, na mshale ulitazama tisa. Kando, kwenye ndoano ya swichi kuu, bado kilining'inia kibao cha mbao chenye jina la aliyeingia tangi: Kamoshita. Hakuna aliyethubutu kukitoa.

"Bwana Hatakeyama, nina maswali mepesi. Tangu Jumanne, nani alifungua sanduku hili kabla ya askari wangu kufika?"

"Hakuna. Fundi alipomaliza nililifunga mwenyewe. Ufunguo mmoja, na uko kiunoni kwangu."

"Mlijaribu kadi baada ya kufungwa? Wewe kwenye skrini, yeye hapa, mkaitana?"

Hatakeyama alishusha macho kidogo, kwa adabu. "Tuliitana. Lakini nitasema ukweli, ilikuwa haraka. Sikubonyeza kitu. Aliita 'sawa' nami nikajibu 'sawa'. Tangi lilikuwa linasubiri usafi, halikuwashwa tena. Hilo ni kosa langu, nitaadhibiwa kwa hilo."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikiri kidogo ili lifiche kikubwa, na Tachihara alilipokea kwa kutikisa kichwa.

"Na umeme wa sanduku hili? Umekatwa tangu Jumanne?"

"Kamwe." Kiburi kidogo kilimtoka. "Hatukati umeme ovyo. Ukizima sanduku moja, kadi yake inanyamaza, skrini inapiga kelele na mstari mzima unasimama. Nusu siku inapotea."

"Hata mtu akiwa ndani ya tangi?"

Maji yalidondoka mahali fulani kwenye bomba.

"Tunatundika kibao chake," Hatakeyama alisema. "Na tunazuia kwenye skrini. Tuna uangalifu."

"Sheria ya kiwanda inasema nini?"

"Kukata swichi, halafu kutundika kibao."

"Nyie mnatundika kibao kwenye swichi iliyowashwa."

"Wakubwa wanajua. Kila mtu anajua."

"Haya. Onuki, nenda chumba cha kuongozea. Mwambie opereta afungue ukurasa wa majaribio, wa kuita kadi moja moja. Kamba ya dharura ibaki ilivyo, panga lisizunguke. Nitakwambia kwa redio uite ipi. Na wewe," akamwita askari aliyekuwa mlangoni, "rekodi video. Usibanduke kwenye hizi taa."

Hatakeyama alicheka kidogo. "Inspekta, unataka kujifunza ufundi?"

"Nataka uniitie. Mimi sijui kuita, mdomo wangu mzito. Hii taa ya pili, ya rangi ya chungwa, kazi yake nini?"

"Inawaka kadi ikijibu."

"Ikiitwa namba ya mwenzake?"

"Inanyamaza."

"Vizuri. Simama hapa. Kidole mbele, kama mnavyofanya." Akabonyeza redio. "Onuki, ita tisa."

Wakasubiri. Kutoka upande wa pili wa ukumbi, ndani ya sanduku la tisa lililokuwa wazi, mwanga mdogo wa chungwa ulimeta. Kadi ya sita ilibaki na kijani chake peke yake.

"Ita ulichoona, bwana Hatakeyama."

Kidole cha Hatakeyama kilikuwa hewani. "Namba tisa... haikujibu." Akamtazama askari mwenye video. "Labda waya umelegea. Hii ni kadi mbovu, ndiyo maana—"

"Onuki. Ita sita."

Taa ya chungwa ikameta. Ikazimika, ikameta tena. Onuki, asiyeona kitu kule aliko, aliita mara tatu, na kila mara kadi ilimjibu.

"Ita," Tachihara alisema.

Mdomo wa Hatakeyama ulifunguka. Kidole kikashuka.

"Basi nitaita mimi, na mdomo wangu huu huu. Swichi inasema tisa. Kadi inasema sita. Kadi iliamka Jumanne, fundi alipoiwashia umeme, ikajisoma sita. Tangu hapo umeme haujakatwa, umejisifu mwenyewe mbele yangu. Kwa hiyo swichi imezungushwa kadi ikiwa macho, baada ya fundi kuondoka, na haikujua. Na ingekuwa nimechelewa kidogo, ungezima, ungewasha, ikaamka tisa, na mimi ningebaki na Iwasa. Ufunguo mmoja, umesema. Uko kiunoni kwa nani?"

Hatakeyama alitazama ufunguo wake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemning'inizia.

"Hukuwasha tisa," Tachihara alisema. "Uliwasha sita."

"Nilidhani ametoka."

"Sema kwa sauti."

"Nilidhani ametoka! Alikuwa amechelewa, yule mzee kila siku anachelewa. Kabla ya kuwasha, inatakiwa nije mpaka hapa, nioneshe kibao kwa kidole, niite." Alinyoosha kidole kuelekea ukuta mtupu. "Nilionesha nikiwa kwenye kiti. Kule hakuna dirisha la upande huu. Nilionesha ukuta, nikaita 'Kibao kimeondolewa, sawa!' Nikaondoa kizuizi cha skrini, nikabonyeza. Tunafanya hivyo siku zote, afande. Wote tunaita tukiwa kwenye viti."

"Kwa sauti kubwa?"

"Eh?"

"Ulipoita. Uliita kwa sauti kubwa?"

"Kubwa," Hatakeyama alisema. "Kama inavyotakiwa."

Tachihara akauliza, "Halafu?"

"Walipokwenda kumtafutia machela nilibaki peke yangu. Nikafungua sanduku, sijui kwa nini. Nikaona kadi mpya. Nikakumbuka kwamba ilifungwa na mtu wa nje." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Bisibisi ilikuwa mfukoni. Ni kuzungusha kidogo tu."

Mama Sugiura alikuwa ameingia bila kuonekana, akasimama kando ya nguzo, taulo mkononi.

"Mngekata umeme kama watu," alisema, "Jinpachi angekuwa kwake anakula."

"Wangekata," Tachihara alisema. Hakusema lililobaki, kwamba uvivu ule ule uliomuua mzee ndio uliolinda ushahidi. Hakuona wa kumpongeza kwa hilo. Alimwamuru askari akae mbele ya kadi mpaka mtaalamu afike, na mtu akiinyooshea mkono amkamate.

*

Kituoni mzee Wakui, mwenye kampuni iliyomwajiri Iwasa, alikuwa kwenye benchi la korido na mwavuli unaodondoka kati ya magoti. Habari zilishamfikia. Alisimama akainama, mvi zake zimelowa.

"Afande, nakushukuru. Nakushukuru sana." Hakuinuka haraka. "Ila ningekuomba kitu. Hayo maelezo ya Noboru... hayawezi kubaki hivyo hivyo?"

"Hujanielewa, mzee. Hana kosa."

"Nimeelewa. Lakini hana mke, hana mtoto. Kwa uzembe angepata kifungo cha nje, labda asilale ndani hata siku moja. Mimi kazi zangu zote zinatoka Hoshimatsu. Msimamizi wao akifungwa kwa ajili ya fundi wangu, mwezi ujao hawatanipigia simu. Nina mafundi wengine, wana watoto shuleni." Sasa aliinuka. "Noboru mwenyewe alikubali. Nilimweleza, akaelewa."

"Alikubali kwa sababu ulimwambia aliona vibaya."

"Nilimwambia mara moja tu."

"Yeye anasema mara nyingi."

Mzee Wakui alitazama maji yaliyokusanyika chini ya mwavuli wake. "Kesho tutakwenda tena kwa mama Kamoshita," alisema hatimaye. "Sijui tukamwambie nini safari hii."

Tachihara alimpita akaingia ndani.

Iwasa alikuwa amekaa vile vile alivyoachwa, chai yake haijapungua. Onuki alitoa maelezo kwenye bahasha, akayaweka mezani, akayafuta kwa mistari miwili mbele yake.

"Naomba radhi, bwana Iwasa," alisema.

"Usiseme hivyo, dada. Mnafanya kazi yenu."

Tachihara alimweleza yote, kwa maneno machache: swichi, taa ya chungwa, ufunguo, kiti kisicho na dirisha. Iwasa alisikiliza kwa makini, kama mtu anayesomewa habari za jirani.

"Kwa hiyo ilikuwa sita," alisema.

"Ilikuwa sita."

"Hakika?"

"Kadi yenyewe imejibu mara tatu."

Iwasa alitazama kidole chake cha shahada. Alikigeuza, akakitazama na upande wa pili.

"Ajabu, afande. Mimi bado naona tisa. Nikifumba macho, mshale uko kwenye tisa, na mkono unaouzungusha ni huu." Akakificha chini ya meza. "Itaondoka?"

Tachihara alimfungulia mlango.

"Nenda nyumbani ukalale," alisema.

Alimsindikiza hadi mlango wa mbele. Mzee Wakui hakuwepo tena, benchi lilikuwa na dimbwi dogo tu. Mvua ilikuwa imepungua, malori ya marobota yanapita kuelekea Hoshimatsu, taa zimewashwa mchana. Iwasa alisimama ukingoni mwa barabara. Mafundi wa mji ule huvuka kama wanavyofanya kazi, kidole kulia, kidole kushoto, na kuita, hata wakiwa na watoto wao, hata wakiwa wamelewa.

Mkono wa Iwasa uliinuka wenyewe. Kidole kilinyooka upande wa kulia, barabara ilikuwa tupu mpaka kona. Mdomo wake ulifunguka.

Lakini 'sawa' haikutoka. Halafu akashusha mkono, akautia mfukoni, akasubiri mpaka bibi mmoja mwenye kikapu alipofika na kuanza kuvuka, ndipo akamfuata nyuma.